Mnazi Tulioupiga

Wiki saba zilizopita nilivuka kwenda Maweni, kwenye kisiwa cha Manda ng'ambo ya mji wetu wa Lamu, kununua mawe. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama umeliwa na chumvi, na fundi alinitaka niende nikachague mwenyewe. Mashua ilinishusha saa mbili asubuhi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya machimbo, na weupe wa mawe ulikuwa unaumiza macho.

Pale niliposimama walikuwa wanapasua watu wawili. Mmoja kijana wa miaka ishirini na kitu, kifua kipana, mikono imejaa. Mwingine mzee mwembamba, mbavu zinahesabika, kitambaa kichwani. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake na nyundo yake, na mawe yenyewe yalikaribiana ukubwa.

Kijana alipiga mara kumi na nne. Nilihesabu, maana kuhesabu mapigo ndiyo kazi yangu jioni tatu kwa wiki. Shingo yake ilitoka mishipa, meno yakauma, vumbi likaruka. Jiwe lilimeguka ncha.

Mzee alipiga mara tatu.

Pigo la kwanza lilitoa mlio mkali. La pili mlio wake ulikuwa mzito zaidi. La tatu sikusikia kugonga kabisa, nilisikia kupasuka, na jiwe likafunguka pande mbili kama dafu.

Nikasogea. Nilimtazama akianza jiwe jingine, na safari hii sikuangalia nyundo. Niliangalia miguu. Kisigino cha nyuma kiliinuka kabla nyundo haijaanza kushuka. Kiuno kikageuka, bega likafuata, na mikono ikaja mwisho kabisa, imelegea kana kwamba si yake. Ilikaza mara moja tu, pale chuma kilipokutana na jiwe, kisha ikalegea tena.

"Mzee," nikamwuliza, "unafanyaje?"

Hakunijibu mimi. Alimwelekezea kidevu mwenzake. "Huyu anaisukuma nyundo mpaka chini. Nyundo haisukumwi. Unaipandisha, unaionyesha njia, unaiacha iende."

"Na nguvu inatoka wapi?"

"Miguuni. Mikono inashika tu isidondoke."

Nililipa mawe yangu, nikarudi. Usiku ule sikulala vizuri, wala usiku uliofuata.

Nimefundisha karate mji huu miaka kumi na moja. Na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikitengeneza vijana wa mapigo kumi na nne.

Mnazi

Karibu na tunapofanyia mazoezi, upande wa Shela, pana mnazi mmoja. Tuliuzungushia kamba ya makumbi usawa wa kifua, tukauita makiwara. Kila jioni ya mazoezi kila mwanafunzi alipiga mia moja kwa mkono wa kulia na mia moja kwa wa kushoto. Mikanda ya chini walipiga hamsini.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi Mombasa nilipokuwa kijana, ila kule ulikuwa ukuta. Nilijivunia vifundo vyangu vilivyokuwa vyeusi na vigumu. Nilipopewa mkono na mtu, nilitaka avisikie.

Sasa, makiwara ya kweli si mnazi, wala si ukuta. Ni ubao uliochimbiwa ardhini, nene chini na mwembamba juu, uliofungwa kamba ya majani ya mpunga pale unapopigwa. Ni chombo cha Okinawa, kisiwa alichozaliwa Gichin Funakoshi mwaka 1868, katika mji wa Shuri, kabla hajaipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Unene ule wa chini na wembamba ule wa juu una sababu yake: ubao unapopigwa hupinda, na unapopinda husukuma.

Hapo ndipo lilipo somo lote.

Ubao unaokusukuma unaingiza msukumo wake kwenye kifundo cha ngumi, ukapita kifundo cha mkono, kiwiko, bega, mgongo, nyonga, goti, mpaka kisigino. Kiungo kimoja kikiwa kimekaa vibaya, utakisikia hapo hapo. Kifundo cha mkono kimepinda? Kitauma. Bega limepanda? Msukumo utaishia begani na utajikuta unarudi nyuma. Kisigino kimeelea? Utayumba. Ubao unakuuliza maswali kuanzia mkononi mpaka chini, na unakusubiri ujibu.

Mnazi hauulizi kitu. Unapiga, hautikisiki, na kila ulichokipeleka unakurudishia kwenye mifupa ya kiganja kwa ghafla moja. Hujui kama umepiga kwa mwili mzima au kwa mkono mtupu, kwa sababu maumivu ni yale yale.

Ningependa kusema kwamba haya niliyajua juzi.

Niliyajua zamani. Niliyasoma nikiwa na mkanda wa kahawia, na niliwahi kuuona ubao wenyewe kwenye dojo moja bara, ukumbi wa mazoezi ya karate, nikaupiga, nikausikia ukinijibu. Nilirudi Lamu nikaufunga mnazi kamba. Wiki hizi saba zote swali lililonikalia kooni ni hilo: mtu anajuaje jambo, kisha kwa miaka kumi na moja anafundisha kinyume chake?

Nadhani ni kwa sababu mnazi unaonekana. Mzazi akipita anawaona watoto wametoka jasho, wanapiga kelele, ngozi inabadilika rangi wiki hata wiki. Kuna kitu cha kuonyesha. Kisigino kinachoinuka kwa wakati wake hakionekani na mtu yeyote aliyekaa barazani.

Mfupa nyuma ya kidole cha mwisho

Miezi miwili kabla ya siku ile ya Maweni, kijana wangu mmoja wa mkanda wa kijani, miaka kumi na mitano, alivunjika mkono kwenye mnazi. Ilikuwa pigo la themanini na kitu. Alichoka, ngumi ikageuka kidogo, akafikia kwa vifundo viwili vya mwisho badala ya viwili vya kwanza. Hakulia. Alinijia ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, akasema, "Sensei, kifundo kimezama."

Kilikuwa kimezama kweli.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alituonyesha picha ya eksirei kwenye mwanga: mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole cha mwisho ulikuwa umevunjika shingoni, ukainama. Akasema mfupa huo anauona umevunjika kwa watu wa aina moja tu, wale wanaopiga vitu. Kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria. Kwa mtoto wa umri ule, karibu na kichwa cha mfupa ule, pana mstari mwembamba ambao bado ni gegedu, ndipo mfupa unaporefukia. Bado haujafunga. "Huu," akasema, akiugusa kwa kalamu, "umekoswa padogo sana."

Ni kweli mifupa hukua migumu kwa kubebeshwa mzigo. Mjerumani Julius Wolff aliliandika jambo hilo mwaka 1892, na wapiganaji walilijua kwa mikono yao kabla yake. Lakini mfupa hujijenga kwa miezi na miaka, na kwa mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, kukiwa na siku za kupumzika katikati. Mia moja kila jioni kwa mtoto ambaye mifupa yake haijafunga si kuijenga. Ni kuibahatisha.

Mama yake alitukuta kwenye benchi la nje. Hakunigombeza, na ningetamani angenigombeza. Alikaa, akautazama mkono wa mwanawe uliofungwa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Nduyangu, huyu mwanangu unamtayarishia vita gani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema ni ajali, nikasema tutakuwa waangalifu zaidi. Na nilijiambia moyoni kwamba kijana alizembea, kwamba ngumi iligeuka kwa sababu hakunisikiliza. Nilibaki na maneno hayo miezi miwili.

Yalinitoka pale Maweni, kwenye pigo la tatu la yule mzee.

Mchanga mkavu

Kulikuwa na jambo la pili nililolikosea, na hili lilinichukua muda zaidi kulikubali, maana nililipenda.

Tulikuwa tukifanyia mazoezi kwenye mchanga mkavu, ule laini ulio juu karibu na vilima. Niliamini unakomaza. Miguu inazama, mapaja yanaungua, kila hatua ni kazi. Na kwa pumzi na ustahimilivu unasaidia, sikatai.

Lakini pigo huanzia ardhini. Watafiti wa Kisovieti waliwapima mabondia 120, wakachapisha matokeo yao mwaka 1985. Walitaka kujua nguvu ya ngumi ya moja kwa moja inatoka sehemu gani ya mwili. Kwa mabondia wa daraja la juu kabisa, miguu ilichangia karibu asilimia 38, kiwiliwili kwa kujizungusha karibu asilimia 37, na mkono wenyewe karibu asilimia 24. Kwa mabondia wa madaraja ya chini, miguu ilichangia kama asilimia 16 tu, na mkono ukabeba asilimia 38.

Nilizisoma hesabu hizo usiku wa manane, nikamwona mzee na kijana wa machimboni wamesimama ndani ya karatasi.

Sasa fikiria mtu anayejifunza kusukuma ardhi kwa mguu, na ardhi yenyewe inakimbia chini ya kisigino. Anasukuma, mchanga unafunguka, kiuno hakipati cha kuegemea, na pigo linalazimika kutafuta nguvu kwengine. Linazitafuta begani na mkononi. Niliwanyang'anya miguu halafu nikawalaumu kwa kupiga kwa mikono.

Kwa hiyo tulihama. Hatukuhamia mbali, hatua mia hivi kuelekea baharini. Nyakati za bamvua, maji yakipwa, pwani ya Shela inaacha uwanja mpana wa mchanga uliolowa, mgumu kiasi kwamba unyayo unaacha alama bila kuzama. Ratiba yetu sasa haifuati tena Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Inafuata maji. Siku za maji mafu, uwanja unapokuwa finyu, tunapanda juu kwenye sakafu ya saruji ya nyumba ya jirani ambayo haijamalizika kujengwa.

Siku ya kwanza kwenye mchanga mgumu sikuwaruhusu wapige kabisa. Walisimama, wakasukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, wakaacha nyonga igeuke, mikono ikining'inia. Nusu saa nzima. Msichana mmoja wa mkanda wa njano, mdogo kuliko wote, alisimama ghafla akacheka. "Sensei, mkono umekwenda wenyewe!"

Ulikuwa umekwenda wenyewe kweli. Kiuno kiliutupa.

Bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu wa miaka ya 1919 hadi 1926, Jack Dempsey, alilifundisha jambo hili kwa njia yake. Alisema pigo zuri huanza na hatua ya kuanguka: mwili unaachiwa kuangukia mbele juu ya mguu wa mbele, na ngumi inafika kabla mguu haujatua, ikiwa imebeba uzito wa mtu mzima. Mtu wa kilo sitini anapiga kwa zile sitini, badala ya zile tatu au nne za mkono wake.

Bakora ya ami

Lakini uzito ni upande mmoja tu. Kuna kasi, na kasi ndiyo iliyonitesa zaidi.

Hesabu yake ni ya darasani: ukizidisha uzito unaosafiri mara mbili, nishati ya pigo inazidi mara mbili, ukizidisha kasi mara mbili, inazidi mara nne. Kila mkufunzi anaijua. Kinachotushinda ni kwamba misuli iliyokazwa haiendi kasi. Ukikaza ngumi, mkono, bega na shingo kabla ya kupiga, misuli ya kukunja inashindana na misuli ya kunyoosha, na mkono unasafiri kama mlango wenye bawaba iliyoota kutu. Na mimi nilikuwa nikipiga kelele jioni nzima: "Kaza! Kaza!"

Kuna ami mmoja mtaani kwetu, mcheza kirumbizi, ule mchezo wa bakora, wa siku nyingi. Wale waliowahi kuwa Lamu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wanajua zumari likilia na bakora zikigongana namna moyo unavyopanda. Umri umemkalia sasa, anacheza kwa nadra. Nilimwendea jioni moja baada ya alasiri, nikamwomba anionyeshe mkono.

Alinipa bakora nishike kwa mikono miwili, niikaze. Yeye akashika yake kwa vidole vitatu. Niliitazama ikining'inia, ikiyumba. Sikuona ilipoanza kuja. Nilisikia mlio, na ganzi ikapanda mpaka viwikoni.

"Ami, mbona hukukaza?"

"Nikikaza hapa," akasema, "nitakaza nini nikifika?"

Nilimwomba arudie. Akarudia mara nne, na kila mara nilitazama kifundo chake cha mkono. Kililegea, kikalegea, kikalegea, kikafunga, kikalegea. Kule kufunga hakukuchukua muda wa kupepesa jicho. "Wata," yaani acha, aliniambia nilipojaribu mimi na bega likapanda. "Wata, mwanangu."

Baadaye nilikuja kukuta kwamba Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alilipima jambo hilo na kulichapisha na wenzake mwaka 2010. Waliwafunga wapiganaji wa hali ya juu vifaa vya kunasa shughuli za misuli, wakawaambia wapige. Kilichoonekana ni vilele viwili. Misuli inakaza mwanzoni, kuusukuma mwili uanze. Kisha inalegea pigo likiwa njiani, ili kasi ipatikane. Kisha inakaza tena wakati wa kufikia, mwili wote uwe kitu kimoja, kigumu, usibonyee kwa mshindo wake wenyewe. Katika karate tuna neno la kilele hicho cha pili, kime, na tunalifundisha siku ya kwanza. Tunasahau kufundisha bonde lililo kabla yake.

Nimebaki nikijiuliza ni vijana wangapi waliacha karate yangu wakiamini hawana nguvu, kumbe walikuwa hawajawahi kuruhusiwa kulegea.

Hatujatoka jasho

Mazoezi yetu sasa yamebadilika sana, na mabadiliko hayakuja kwa amani.

Tunaanza na mpira mzito. Ni mpira wa kikapu uliochakaa. Tuliupasua, tukaujaza mchanga robo, nafasi iliyobaki matambara, tukaushona. Una kilo tatu na kitu. Mtu anasimama katika mkao wake wa kupigania, anausukuma mpira kwa mkono wa nyuma kama anayepiga, kwa mguu, nyonga, bega, kisha mkono, kwa nguvu zote alizonazo. Unapoangukia panachimbika, tunachora mstari. Mara nne. Halafu anakaa dakika tatu.

Dakika tatu za kukaa! Hapo ndipo palipozuka ugomvi.

Walizoea kwamba mazoezi ni kuhema. Wiki ya kwanza mikanda ya kahawia walinijia kwa adabu, kama kamati. "Sensei, hatujatoka jasho." Niliwaeleza kwamba akiba ya nguvu ya ghafla iliyomo ndani ya misuli huisha kwa sekunde kama kumi za jitihada kamili, na huhitaji dakika kama tatu kujijaza karibu yote. Anayerudia kabla ya hapo anafanya mazoezi ya kuchoka. Pigo la themanini kwenye mnazi lilikuwa pigo la mtu aliyechoka, na mwili hujifunza kile unachokifanya: ulijifunza kupiga polepole, na ngumi iliyogeuka. Nilipofika hapo nilinyamaza, kwa sababu wote walikuwa wanajua nazungumza juu ya nani.

Mmoja wao aliacha kuja. Nimemwendea nyumbani mara mbili. Anasema karate imekuwa laini.

Baada ya mpira tunaruka. Wakubwa wanashuka kutoka kwenye kizingiti kifupi, wakigusa chini wanaruka papo hapo. Zoezi hili lina asili ya Mrusi Yuri Verkhoshansky, aliyewashusha wanariadha wake kutoka juu ili misuli ivutike ghafla na kujirudisha kama mpira unaodunda. Yeye alilitumia kwa watu walioshiba mazoezi, tena kwa kiasi. Mimi nina watoto, kwa hiyo kizingiti chetu ni tofali mbili, na wadogo wanaruka palipo sawa tu. Marudio matano, mapumziko, marudio matano, basi.

Gunia linakuja mwisho. Zamani tulilijaza mchanga. Mchanga hushuka, na baada ya mwezi nusu ya chini inakuwa jiwe. Sasa limejaa nyavu kuukuu na vitambaa, limening'inia kwenye boriti, na kila mtu anafunga bendeji mkononi kabla hajaligusa. Mapigo manne, matano. Nikisikia mlio umepungua, namsimamisha hata kama amebakiza.

Na mnazi tuliufungua kamba. Fundi mmoja wa majahazi wa Matondoni alinirandia ubao, nene chini, mwembamba juu. Tumeuchimbia palepale. Watu wazima wanapiga thelathini, polepole, wakisikiliza. Walio chini ya miaka kumi na minane hawaupigi. Wanausukuma tu kwa ngumi, waone unavyowarudisha.

1988

Kuna upande wa jambo hili ambao mpira na mchanga mgumu havijanisaidia.

Mwaka 1988 nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Nakumbuka redio barazani, wazee wamejikusanya, na habari kutoka Olimpiki ya Seoul kwamba Robert Wangila amemwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali, na Kenya imepata dhahabu ya ngumi. Tulikimbia vichochoroni tukirusha ngumi hewani, kila mmoja ni Wangila. Nadhani mimi nilianza siku ile. Sikutaka kuwa bingwa wa pointi, nilitaka lile pigo.

Miaka sita baadaye, mwaka 1994, Wangila alifariki Las Vegas kwa majeraha aliyoyapata ulingoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Siku hizi nalala na hayo mawili pamoja. Nguvu ya pigo si neno tu. Ubongo unaelea ndani ya fuvu, na kichwa kikitikiswa ghafla ubongo unachelewa kukifuata. Kila kitu ninachowafundisha kuhusu kasi na uzito na kilele cha pili, mwisho wake ni hicho, ikiwa anayepigwa ni mtu. Nilipokuwa nikifundisha vibaya, ujinga wangu uliwalinda wengine kidogo. Sasa nafundisha vizuri zaidi. Yule msichana wa mkanda wa njano, mwezi wa pili tu, mpira wake unaanguka hatua mbili mbele ya mstari wake wa kwanza.

Nimepiga marufuku mapigo ya kichwa kwa nguvu katika kumite, yaani mazoezi ya kupigana wawili wawili, hata kwa wakubwa. Wanagusa, basi. Kwenye gunia na ubao wapeleke kila walicho nacho. Sijui kama mpaka huo nilioweka utashika siku mmoja wao atakapokasirishwa pale gatini usiku. Nimewaambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na nimewauliza wanafikiri nini. Walizungumza mpaka magharibi. Sijawahi kuwasikia wakizungumza hivyo miaka yote ya mnazi.

Swali la yule mama bado ninalo. Nimelijaribia majibu mengi. Ya nidhamu, ya kujilinda, ya kuwatoa vijana kwenye unga na vijiwe. Yote yana ukweli ndani yake, na hakuna hata moja ambalo ningethubutu kulitamka pale kwenye benchi.

Jumamosi

Jumamosi iliyopita maji yalipwa sana. Nilifika mapema kufunga gunia, nikakuta watu wawili wananisubiri. Kijana wangu, mkono umeshaunga, kifundo cha mwisho bado kimezama kidogo na daktari anasema kitabaki hivyo. Na mama yake, kwenye kivuli, buibui limekusanywa magotini.

"Amekataa kukaa nyumbani," akaniambia. "Nimekuja nione."

Nilimpa mpira kwanza. Alisukuma vibaya, kwa mkono wa kushoto ambao hajauzoea, maana wa kulia nilimkataza. Akarudia. Mara ya tatu kisigino kiliinuka kabla, na mpira ukaanguka mbali kuliko alivyotarajia. Alinitazama kuhakikisha nimeona.

Baadaye, wenzake walipomaliza, alisimama mbele ya gunia bila kusema kitu. Nilimtazama mama yake. Hakutikisa kichwa, wala hakukataa. Nikamfunga bendeji mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole, nikalikumbatia gunia kwa nyuma.

"Mara ngapi, Sensei?"

"Moja."

Alikaa muda. Nikaona bega linapanda, nikasubiri. Likashuka. Akavuta pumzi, akaitoa, na sikuona ngumi ilipotoka. Nilisikia mlio mzito, mfupi, na visigino vyangu vikaburuta kwenye mchanga.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuutazama mkono wake. Akaufungua, akaufunga, akaufungua. Kisha akamwendea mama yake, akamwonyesha, na yeye akaushika kwa mikono miwili akavipapasa vifundo kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Tukafungua gunia.